Tangazo la Leicester: nani amejaza mji?



Kila mara habari za Uingereza zinapofika kwenye simu zetu, zinafika na neno lilelile: kule wageni wamekuwa wengi, njo maana mishahara iko chini, njo maana nyumba hazipatikani. Na kila mara kuna ndugu mmoja wa kwetu anaongeza: «Munaona? Hata wazungu wamechoka. Hapa kwetu pia ni vile. Wenye kuja wametujazia mji, beyi ya nyumba imepanda, kibarua kimeshuka.» Wengi wanaitika, mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Leo sitaki kumbishia huyo ndugu kwa kelele, juu sehemu ya maneno yake ni kweli. Nyumba ni ghali. Kibarua ni kidogo. Nataka tusome pamoja karatasi moja ya zamani iliyosema maneno hayohayo kwa lugha safi kuliko yake, halafu tuone karatasi ile ilificha nini. Karatasi yenyewe ilitoka Uingereza, lakini ilichapishwa hapa Afrika Mashariki, Kampala.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti ya Uingereza lazima watoke Uganda, na baadaye ikajulikana kwamba wana siku 90 tu. Walikuwa watu wa Kampala, Jinja, Mbale: wenye maduka, makarani, walimu, mafundi. Wengi walizaliwa palepale. Sababu ya Amin tunaijua vizuri, juu hata leo tunaisikia: hawa si wa kwetu, wananyonya uchumi, wakitoka mali itabaki kwa wananchi. Walitoka. Maduka yakaenda kwa askari na marafiki wa serikali, na haikupita miaka mingi sukari na sabuni vikawa vitu vya kutafuta kwa tochi. Mwananchi aliyeambiwa atarithi, alirithi foleni.

Watu kama 28,000 walifika Uingereza. Sasa, katikati ya nchi ile kuna mji unaitwa Leicester, mji wa viwanda vya nguo za kufuma, viatu na mashine. Tayari palikuwa na Waasia waliotoka Kenya miaka ya 1960, kwa hiyo wa Uganda walikuwa na shemeji, binamu, rafiki wa kuwapokea. Halmashauri ya mji ikaingiwa na hofu. Tarehe 15 Septemba 1972 ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likasomwa na watu waliokuwa wanafunga masanduku.

Tangazo lilisema hivi, kwa maneno yangu. Tunasikia familia nyingi zinafikiri kuhamia Leicester. Mujue kwamba hali ya sasa si ile waliyoikuta waliotangulia. Nyumba: maelfu ya familia ziko tayari kwenye orodha ya kungojea nyumba za halmashauri. Shule: mamia ya watoto wanangoja nafasi. Huduma za afya na za jamii: zimevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo, kwa faida yenu na ya familia zenu, musije Leicester.

Mtu akiisoma haraka anaweza kusema: ubaya uko wapi? Hakuna tusi ndani yake. Hakuna neno juu ya rangi ya mtu wala dini yake. Na orodha ya kungojea nyumba ilikuwepo kweli. Mimi naona njo sababu inafaa kusomwa polepole. Matusi ya wazi tunayatambua, hata mtoto anayatambua. Tangazo la namna hii linapita kwa sababu linabeba hesabu.

Angalieni sentensi zake. Familia ziko kwenye orodha. Watoto wanangoja. Huduma zimevutwa. Kila sentensi ina mtu anayeteseka, hakuna hata moja yenye mtu anayefanya. Nani hakujenga nyumba? Nani alipanga madarasa machache kuliko watoto? Aliyeandika tangazo alikuwa halmashauri yenyewe, mwenye bajeti, mwenye viwanja, mwenye mamlaka ya kujenga. Lakini ndani ya maandishi yake mwenyewe hayumo. Amejitoa kwenye picha kama mpiga picha. Anayebaki mbele ya macho ya msomaji ni mtu wa Kampala mwenye sanduku, na msomaji anaunganisha mwenyewe: kumbe huyu njo shida.

Kuna ile «kwa faida yenu» pia. Mtu amepewa siku 90 na serikali yenye bunduki. Faida yake ni kupata fasi yoyote yenye ndugu na kazi. Kumwambia asije kwa faida yake ni kama mwenye mtumbwi kumwambia anayezama kwamba mtumbwi una maji kidogo, kwa hiyo ni heri aendelee kuogelea. Na mbaya zaidi, tangazo liliwekwa Kampala lakini lilikuwa na msomaji wa pili, yule mpiga kura wa Leicester. Kwake lilisema: munaona, tunawalinda. Halikumwambia lini atapata nyumba.

Halikufanya kazi hata kwa lengo lake. Maelfu walikwenda Leicester. Inasemwa kule, na nusu ni mzaha, kwamba wengine hawakuwa wamelisikia jina la mji ule mpaka walipoliona gazetini.

Basi, je, waliokuja walishusha mishahara? Hapa historia iko na jibu zuri, na linahusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Tarehe 1 Mei 1974, katika kiwanda cha mashine za kuandika cha Imperial palepale Leicester, wafanyakazi Waasia waligoma, na wengi wao walikuwa wametoka Afrika Mashariki. Walilalamika kwamba hesabu ya marupurupu yao haikuwa ya haki na kwamba hawapewi nafasi ya kuchagua wawakilishi wao. Chama cha wafanyakazi cha palepale kilikataa kuwaunga mkono. Mgomo ulidumu karibu miezi mitatu. Mwaka uliofuata kampuni ya Marekani iliyokuwa na kiwanda kile ilikifunga, na wote wakapoteza, Waasia na wazungu.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1976, London, kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick. Mama mmoja, Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyekuwa ameishi Tanganyika, alitoka nje ya kazi kwa sababu ya mshahara mdogo na dharau ya wasimamizi, na wenzake wakamfuata. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Wafanyakazi wa posta walikataa kubeba barua za kiwanda. Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuja kutoka mbali kusimama mlangoni pamoja na wale mama waliovaa sari. Mwaka 1968 wapagazi wa bandari ya London waliandamana kumuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell alipohubiri juu ya hatari ya wageni. Mwaka 1977 bendera ya wawakilishi wa bandari ileile ilionekana Grunwick, upande wa mama Desai. Mgomo ulikwisha Julai 1978 bila ushindi. Lakini kitu kimoja kilikuwa wazi: mgeni alikubali mshahara mdogo mpaka alipopata mtu wa kusimama naye. Siku aliposimama, ilionekana kwamba mwenye kushusha mshahara alikuwa ndani ya ofisi, si kwenye mashine.

Na nyumba? Wengi wa waliotoka Uganda hawakukaa kwenye ile orodha ya halmashauri. Walipanga, walinunua kwa kuchangishana nyumba kuukuu katika mitaa kama Belgrave na Highfields, wakazitengeneza, wakafungua maduka chini na kulala juu. Halafu mwaka 1980 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapa wapangaji haki ya kununua nyumba za halmashauri kwa beyi ya chini. Ilikuwa zawadi kubwa kwa waliokuwemo ndani. Lakini zaidi ya nyumba milioni moja zilitoka mikononi mwa umma, na zilizojengwa kuziba pengo zilikuwa chache sana. Leo katika England zaidi ya familia milioni moja ziko kwenye orodha za kungojea. Ukimwuliza kijana wa kule kwa nini hapati nyumba, kuna uwezekano atakuonyesha mgeni. Sheria ya 1980 haina uso, haipiti barabarani, haiongei lugha nyingine kwenye basi. Mgeni anapita.

Nimesema sehemu ya maneno ya ndugu yetu ni kweli, na sitaki kulikimbia jambo hilo. Mwaka 2018 kamati inayoishauri serikali ya Uingereza juu ya uhamiaji ilitoa ripoti yake kuhusu wafanyakazi waliotoka Ulaya. Ilisema kwa wastani uhamiaji haukugusa sana mishahara, ila wenye kupata kidogo kabisa wanaweza kuwa walisukumwa chini kidogo. Ilisema pia kwamba wageni wanaongeza beyi ya nyumba, na zaidi pale ambapo sheria za kujenga zimebanwa. Kwa hiyo mtu wa chini akisema «nimesikia uzito», hasemi uongo. Uzito uko. Swali ni nani aliupanga umwangukie yeye. Ripoti ileile inakuonyesha mlango: pale panapojengwa nyumba, uzito unapungua.

Sasa turudi kwetu, iwe Lusangi, iwe Kasongo mjini, iwe Salamabila. Sisi pia tuko na tangazo letu, tofauti ni kwamba halina karatasi. «Wenye kuja wametujazia mji.» Wenye kuja ni nani? Ni waliokimbia vita upande wa Fizi na Tanganyika. Ni waliotoka Bukavu baada ya M23 kuingia Februari 2025, wengine wakafika hadi Maniema huku wamevimba miguu. Ni vijana waliofuata dhahabu Namoya. Nao wanahitaji chumba na kazi, hilo ni kweli.

Lakini tuweke zile sentensi kwenye meza na tumtafute mtendaji. «Beyi ya nyumba imepanda.» Imepanda peke yake, kama maji ya mto? Mkimbizi hana nyumba ya kupangisha. Aliyepandisha ni mwenye palaseli, na mwenye palaseli ni mjomba wangu na mjomba wako, mwenyeji kabisa, ambaye kaburi la babu yake liko nyuma ya nyumba. Nchi hii iko na sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji: kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi miezi mitatu. Ni wangapi kati yetu wameshaombwa miezi sita? Ni wangapi waliijua sheria hiyo kabla ya kusoma mstari huu? Sisi wenye diplomu tunaweza kutaja kabila la kila mpangaji wa mtaa, lakini sheria ya nyumba hatuijui.

«Kibarua kimeshuka.» Nani alikishusha? Amri ya tarehe 22 Mei 2018 iliweka mshahara wa chini, SMIG, kuwa faranga 7,075 kwa siku, na ulikaa palepale miaka mingi huku faranga inayeyuka mfukoni. Mwenye shamba anamwita mama aliyekimbia vita, analimisha siku nzima, jioni anampa kilo moja ya unga. Kesho yake mtoto wa mwenyeji akiomba kibarua cha kawaida, anaambiwa: «Wengine wanafanya kwa unga.» Mtoto wa mwenyeji anakasirika, na ana haki ya kukasirika, lakini hasira yake inakwenda kwa yule mama. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haisemi umpe jembe umnyime malipo. Malipo ya mgeni yakilindwa, na ya mwenyeji yamelindwa palepale.

Hata sisi wenye lisansi, tujiulize kwa uaminifu. Ni nani amemfanya mwalimu kijana, wale tunaowaita N.U., afundishe miaka bila jina lake kufika kwenye orodha ya malipo ya Leta? Ni mtu wa Fizi mwenye godoro? Na Namoya: kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016, ikasimamisha kazi mwaka 2019 juu ya usalama. Malalamiko kwamba kazi nzuri zinapewa watu wa mbali yalikuwa mengi, na yalikuwa na anwani yake: aliyeandikisha wafanyakazi na aliyesaini mkataba. Lakini barabarani malalamiko yalibadilishwa anwani, yakamfikia mchimbaji mwenzetu mwenye pawa, kosa lake ni kwamba anasema Kiswahili chenye lafudhi nyingine.

Najua kuna mtu atanijibu: «Wewe unasahau historia. Sisi hapa tuliona wageni wa kweli.» Sijasahau. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip. Watu wetu walifungwa minyororo wakapelekwa pwani, na lugha hii ninayoandika ilifika kwa njia ileile ya misafara. Halafu wakaja Wabelgiji na vita vya 1892 hadi 1894, na baada yao hesabu nyingine ya machozi. Kwa mtu wa Maniema kumwogopa mgeni si ujinga, ni kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ikumbuke vizuri. Waliotuumiza walikuja na bunduki, na mara nyingi walipata wenyeji wa kushirikiana nao, wakagawana. Hawakuja na godoro kichwani na mtoto mgongoni kuuliza kama kuna chumba. Tukiwachanganya hao wawili, mwenye bunduki atafurahi, kwa sababu macho yetu yatakuwa kwa mwenye godoro.

Wala nisiwadanganye kwamba hadithi ya Leicester imeishia peponi. Mji ule leo unajivunia watu wake kutoka Uganda, na sensa ya 2021 ilionyesha zaidi ya watu 4 kwa kila 10 ni wa asili ya Asia. Lakini mwaka 2020 ilijulikana wazi kwamba kuna karakana za kushona nguo palepale zinazolipa chini ya mshahara wa sheria. Baadhi ya wenye karakana hizo ni watu wa asili ya Asia wenyewe, na wanaowanyonya ni wageni wapya. Basi hata mtoto wa aliyefukuzwa anaweza kujifunza kumkamua anayekuja nyuma yake, tena kwa sababu ileile: huyu mpya hana wa kumsemea. Mwenye kushusha mshahara hana kabila maalum. Njo maana kumtafuta kwa kabila hatutampata kamwe.

Kuna jambo la mwisho linalotuhusu sisi wa chama hiki. Wengi wetu ni wenye kuja pia. Tulipokuwa wanafunzi Kindu, Bukavu, Lubumbashi, tulipanga vyumba vya wenyewe, tukalipa garanti ya wenyewe, tukaitwa «hawa wa Maniema». Kuna aliyekosa chumba kwa sababu ya jina lake. Na kuna ndugu zetu walio Uingereza leo wanaosafisha maofisi usiku, wanaosikia kwenye redio kwamba wao njo sababu nyumba hazipatikani. Tunapoitika hapa «hata wazungu wamechoka», tunaitika dhidi yao.

Siombi tumpende kila mgeni. Mgeni akiiba, ni mwizi, akamatwe. Mgeni akija na silaha, ni adui. Ninachoomba ni kwamba tusome maneno yetu wenyewe kama tulivyofundishwa kusoma ya wengine. Kesho mwenye nyumba akikuambia garanti imekuwa miezi sita juu wakimbizi wamekuwa wengi, usimtukane, ni mzee wako. Mwulize tu kwa heshima: «Baba, ile miezi mitatu ya kuzidi, mkimbizi njo ataipokea?» Halafu mtolee sheria ya 2015 kwenye simu, musome pamoja.